Ukilea mtoto wa jirani ni kazi, ukilea wako umekaa bure: sheria ya msaada kwa akina mama Marekani

MkalimaniWaSimu:

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni mkalimani. Nipo Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, na kazi yangu ni kukaa na spika masikioni nikitafsiri Kiswahili na Kiingereza kwa ajili ya hospitali, shule, mahakama, na zaidi ofisi za ustawi wa jamii. Wateja wangu wengi ni Wakongo waliopitia makambini: Nyarugusu, Kakuma, Nakivale. Maadili ya kazi hayaniruhusu kusimulia habari za mtu, kwa hiyo nitakayoeleza nimeyachanganya kutoka simu nyingi. Usimtafute huyu mama, hutampata.

Mama ana watoto watatu, wa mwisho ana miezi kumi na minne. Mume amebaki kambini, karatasi zimekwama. Anapokea ule msaada wa fedha wa familia zenye watoto, TANF. Afisa anamweleza: mwanao ameshapita mwaka mmoja, sasa ili uendelee kulipwa unatakiwa utimize saa 20 za kazi kila wiki. Kazi hujapata? Basi kuna nafasi ya kujitolea kwenye kituo cha kulelea watoto. Na wa kwangu? Wako tutamlipia deikea nyingine.

Kimya. Halafu mama akacheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka, akaniambia: "Muulize hivi. Nikimpangusa kamasi mtoto wa mwenzangu ni kazi, nikimpangusa wangu nimekaa bure?"

Nikatafsiri neno kwa neno, ndiyo kazi yangu. Afisa, naye mwanamke, sauti ya mtu mzima, alivuta pumzi akasema sheria hakuitunga yeye.

Jioni ile nikaenda kuitafuta hiyo sheria. Ni ya 1996, Bill Clinton aliisaini tarehe 22 Agosti, na jina lake lenyewe linaanza na maneno "Wajibu Binafsi". Iliua mpango wa zamani wa msaada kwa familia zenye watoto, AFDC, uliokuwa haki ya kila familia iliyotimiza vigezo, ikaweka TANF: fungu la dola bilioni 16.5 kwa mwaka linalogawiwa majimbo, kikomo cha miezi 60 katika maisha yako yote kwa fedha za serikali kuu, na kazi. Mama anayelea peke yake saa 30 kwa wiki, mwenye mtoto chini ya miaka sita saa 20. Majimbo yanaruhusiwa kumwacha mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja, lakini hayalazimiki.

Sheria imeorodhesha shughuli 12 zinazohesabika kuwa kazi. Ya 12, ya mwisho kabisa, ni kumlelea mtoto mtu ambaye yuko kwenye programu ya kazi za kijamii. Sikuamini, nikarudia kusoma. Yaani mimi na wewe jirani yangu tukibadilishana watoto asubuhi, mimi nikachukua wako na wewe ukaenda kufagia bustani ya mji, wote wawili tumefanya kazi. Kila mtu akibaki na wake, wote wavivu. Watoto ni walewale, nepi ni zilezile.

Hapo ndipo hoja ya wafeministi inapoanzia, na naomba tuielewe vizuri kabla hatujaanza kurushiana maneno. Hawasemi mama asifanye kazi ya mshahara. Wanauliza nani aliamua kwamba anachofanya nyumbani si kazi, na kwa nini uamuzi huo unamwangukia mama maskini peke yake.

Maana haukuanza hivyo. Illinois mwaka 1911 lilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kuwalipa wazazi maskini, zaidi akina mama wajane, ili wakae na watoto wao badala ya watoto kupelekwa kwenye vituo vya yatima. Mwaka 1935, Roosevelt alipoleta Sheria ya Hifadhi ya Jamii, wazo hilo likawa la taifa. Kulea kulikuwa sababu ya kulipwa.

Sasa sikilizeni cha 1939. Bunge liliwatoa kwenye msaada huo wajane wa wafanyakazi waliochangia hifadhi ya jamii, likawapa mafao yao wenyewe. Mafao hayo yapo mpaka leo: mjane anayelea mtoto wa marehemu aliye chini ya miaka 16 analipwa, hakuna anayemuuliza saa zake. Tena akifanya kazi na kipato kikapita kiwango fulani, mafao yanapunguzwa! Mwenzake aliyeachwa, au ambaye hakuolewa, akabaki kwenye msaada wa maskini, na huyo ndiye anayekimbizana na saa 20. Wote wana mtoto wa miaka miwili anayelia usiku. Tofauti yao ni mwanaume: mmoja alikuwa na mume mwenye kadi ya mchango, mwingine hana. Ukinionyesha tofauti nyingine nitafuta uzi.

Na rangi. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, ambao huko Kusini wengi walikuwa weusi, waliachwa nje ya bima ya uzee ya 1935, kwa hiyo mume mweusi mkata pamba hakumwachia mkewe mafao yoyote. Na msaada wenyewe? Louisiana mwaka 1943 iliweka kanuni ya kuwanyima akina mama msaada msimu ambao mashamba ya pamba yalihitaji mikono. Kwa mama mweusi sharti la kazi halikuanza na Clinton. Lilikuwepo wakati mama mzungu anaambiwa mahali pake ni nyumbani.

Waliolisema hili kwa sauti kubwa hawakuwa maprofesa. Johnnie Tillmon alizaliwa Scott, Arkansas, mwaka 1926, familia ya wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba. Alichuma pamba, akahamia California, akapiga pasi mashati dobini, watoto sita. Alipougua akaingia kwenye msaada, na mwaka 1963 akawakusanya akina mama wenzake wa nyumba za serikali mtaa wa Watts, Los Angeles. Baadaye akaongoza chama cha kitaifa cha haki za wapokea msaada, NWRO. Mwaka 1972 aliandika kwenye jarida la Ms. kwamba msaada ni kama ndoa ya mfumo dume uliopitiliza: umemwacha mume mmoja umeolewa na serikali, na huyu akikutesa huwezi kudai talaka, ila yeye anaweza kukuacha siku yoyote. Anaamua ununue nini, uishi vipi, nani aingie kwako. Hilo la mwisho si utani. Mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipozuia kanuni ya Alabama mwaka 1968, mwanamke aliyekutwa na uhusiano na mwanaume aliweza kukatiwa msaada wa watoto, na maofisa walikuwa wanagonga milango usiku kukagua vitanda.

Kimoja tu cha mwisho. Desemba 1971 Rais Nixon alipelekewa muswada wa kujenga mfumo wa taifa wa malezi ya watoto wadogo. Akaukataa, akisema utaiweka serikali upande wa malezi ya pamoja dhidi ya malezi ya familia. Mwezi huohuo akasaini sheria inayowataka akina mama wa msaada wenye watoto waliofikisha miaka sita wajiandikishe kwa kazi. Mikono miwili ya mtu mmoja, mwezi mmoja.

Nawasilisha.

NyundoYaKazi:

Mkuu umeandika vizuri ila mimi sijashawishika. Nina binamu Houston anaendesha lori, kodi anakatwa kila wiki mbili. Kwa nini alipie mtu azae halafu akae? Hata huku bongo singo maza wanaamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, hakuna anayewapa dola. Na hiyo sheria si ilifanikiwa? Waliokuwa wanapokea walikuwa milioni 12, leo wako kama milioni mbili. Watu wameingia kazini. Hongera Clinton.

MkalimaniWaSimu:

Nyundo, namba zako ni sahihi. Na ni kweli miaka ile ya mwisho wa 1990 akina mama wengi wasio na waume waliingia kazini. Lakini uchumi ulikuwa unapaa, na Clinton huyohuyo alikuwa ameongeza mwaka 1993 marejesho ya kodi kwa wenye vipato vidogo, jambo lililoifanya kazi ya mshahara mdogo ilipe kidogo. Sharti peke yake halikufanya hayo.

Angalia hesabu nyingine. Mwaka 1996, kati ya kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilikuwa zinapata msaada huu. Mwaka 2020 zilikuwa 21. Foleni ya hospitali ikipungua unauliza kwanza kama watu wamepona au geti limefungwa.

Na kodi ya binamu yako haiendi yote kwa hao akina mama, maana majimbo yana uhuru mkubwa wa kutumia lile fungu. Mississippi, familia ya watu watatu ilikuwa inalipwa dola zisizozidi 170 kwa mwezi mpaka 2021, zikapandishwa hadi 260. Wakati huohuo wakaguzi wa jimbo walikuta fedha za msaada zisizopungua dola milioni 77 zimetumika ovyo, zikiwemo milioni tano za uwanja wa voliboli wa chuo kikuu. Mkurugenzi wa zamani wa idara alikiri makosa mahakamani 2022. Kwa hao hakuna aliyedai karatasi ya saa 20.

mtwara_kwetu:

Mkalimani umenikumbusha mbali. Huku kwetu Tanzania ni TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Walengwa wengi ni wanawake, na kuna ajira za muda: siku 60 kwa mwaka, awamu ile ya kwanza ilikuwa 2,300 kwa siku. Kuchimba malambo, kufyeka barabara, kupanda miti. Mama yangu mdogo alikuwa anakwenda na mtoto mgongoni na jembe begani.

Ila pale lamboni kulikuwa na bibi mmoja, hawezi tena jembe. Wakamweka chini ya mwembe awaangalie watoto wa wanaochimba, na msimamizi akamwandika kwenye daftari la mahudhurio kama wengine, siku nzima. Hakuna aliyebisha. Sasa nimesoma uzi wako ndiyo najiuliza: wale watoto jioni wakirudi nyumbani kwa mama zao, daftari linakuwa limefungwa.

WakiliWaVichochoroni:

Nyundo anasema kulea si kazi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishamjibu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Swali lilikuwa kama kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Jaji Mkuu Nyalali akasema ndiyo, ni jitihada zinazohesabika. Wanafunzi wa sheria wote wanaimba hiyo kesi.

Wasichokumbuka wengi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Mume alikuwa amempa fedha kabla, mahakama ikaona amezitapanya, sehemu yake imeisha. Kanuni ilishinda, mama akashindwa rufaa. Mnaosherehekea kesi mkumbuke na hilo.

Halafu mkuu Mkalimani, hiyo ya "nimechanganya simu nyingi" ni sawa, ila mwajiri wako akiisoma ni juu yako.

Salma wa Kirumba:

Naomba nipinge kidogo, na mimi ni mwanamke, tena hilo neno ufeministi silikimbii.

Niliolewa nikakaa miaka sita ndani bila shilingi yangu. Kila kitu "omba". Chumvi omba, pedi omba. Niliyempenda kuliko wote siku hizo ni shoga yangu aliyenikopesha mtaji wa kibanda cha M-Pesa. Kazi ndiyo iliyonitoa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mama alipwe abaki nyumbani, nasikia sauti ya mume wangu wa zamani. Na nani atamuajiri baada ya miaka kumi ya kubaki nyumbani? Kama sheria ya Marekani inamsukuma atoke, mimi sioni ubaya wote huo. Ubaya ni kama anasukumwa bila deikea.

Na mimi leo namlipa dada wa kazi akae na wanangu. Yeye wake yuko kijijini kwa bibi. Hilo nalo mliseme, msiliruke.

MkalimaniWaSimu:

Da Salma, asante. Hili lako ni ugomvi wa kweli ndani ya nyumba ya wafeministi wenyewe, na Marekani halijaisha. Wanawake wa tabaka la kati miaka ya 1960 walikuwa wamefungiwa jikoni, wakaona mshahara ndiyo ufunguo, kama wewe. Wenzao wa kina Tillmon walikuwa hawajawahi kukaa kwenye jiko lao wenyewe. Walikuwa kwenye jiko la mzungu tangu bibi zao, watoto wamefungiwa nyumbani. Kuwaambia hao "tokeni mkafanye kazi mpate uhuru" kulikuwa kama kumtakia samaki aoge.

Ndiyo maana dai lao halikuwa kukaa. Walidai kipato cha kutosha ili mama achague mwenyewe: atoke au abaki, mwaka huu hivi, mwakani vile. Kwenye mkutano wa taifa wa wanawake wa Houston mwaka 1977, Tillmon na wenzake walipitisha azimio kwamba fedha anazopata mama wa nyumbani ziitwe mshahara, zisiitwe msaada. Mbunge Patsy Mink wa Hawaii naye miaka ya mwanzo ya 2000 alipeleka muswada wa kutaka malezi yahesabike kwenye saa za kazi. Haukupita.

Na deikea uliyosema: sheria inakataza kumwadhibu mama aliyekosa kabisa malezi ya mtoto aliye chini ya miaka sita. Ila ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba amekosa, na jimbo ndilo linaloamua kama uthibitisho unatosha. Mama asiyejua Kiingereza athibitishe kitu ambacho hakipo! Nimetafsiri mazungumzo hayo mara nyingi, kwa kawaida yanaisha kwa "lete barua".

La dada wa kazi sina jibu la haraka. Tillmon angekuuliza unamlipa shilingi ngapi.

Mutoto ya Uvira:

Jambo mama Mkalimani. Miye niko huku miaka saba, nafanya kazi ya kukata kuku kiwandani. Bamama yetu hapa banasumbuka sana. Mtu anatoka Nyarugusu miaka kumi na tano, hajui kusoma, bas inapita mara moja kwa saa, halafu banamwambia lete masaa. Na sasa ile sheria ya mwezi wa saba 2025 iliondoa wakimbizi kwenye kadi ya chakula, na hata raia mwenye mutoto wa miaka 14 kwenda juu anatakiwa kuonyesha kazi ili apate kadi. Zamani mwenye mutoto chini ya 18 balikuwa banamwacha. Mutoto wa miaka 14 ndiye anaanza kuharibika kama mama hayuko nyumbani jioni. Nani alifikiri hii kitu?

MkalimaniWaSimu:

Ndugu wa Uvira, umegusa penyewe. Na kwa wanaodhani ni suala la uvivu, mkumbuke 2012. Mitt Romney akigombea urais aliwaambia watu New Hampshire kwamba alipokuwa gavana alitaka hata mama wa msaada mwenye mtoto wa miaka miwili aende kazini, ingawa deikea ingeligharimu jimbo zaidi, ili apate heshima ya kazi. Miezi mitatu baadaye mchambuzi mmoja wa televisheni akasema mke wa Romney hajawahi kufanya kazi hata siku moja. Moto ukawaka! Bi Ann akajibu kwamba amelea wavulana watano na hiyo ilikuwa kazi kubwa, na vyama vyote viwili vikakimbilia kumuunga mkono. Nakubaliana naye kabisa. Mbunge Pete Stark wa California akapeleka muswada: basi na mama wa msaada mwenye mtoto wa miaka mitatu au chini, malezi yake yahesabike vilevile. Ukafa.

Wavulana watano wa tajiri ni kazi. Watatu wa maskini ni pengo kwenye fomu.

NyundoYaKazi:

Bado sijakubali kwamba mtu alipwe na kodi za wengine bila kikomo. Ila hiyo ya wajane wa 1939 imenikera, nikiri. Mama yangu alikuwa mjane akipokea pensheni ya baba ya reli, hakuna aliyemwita tegemezi mtaani, alikuwa anaitwa Mama Mstaafu kwa utani.

Swali moja. Yule mama wa kwenye simu aliishia wapi?

MkalimaniWaSimu:

Nyundo, nilishasema yule si mmoja. Mmojawapo alikwenda kituoni, anaamka saa kumi na moja, mabasi mawili, anampeleka mwanae deikea ya upande wa pili wa mji ndipo aende kulea wa wenzake. Mwingine aliona bora aache msaada wenyewe, akaingia ghala la vifurushi zamu ya usiku. Kwenye takwimu huyo atawekwa kwa waliotoka vizuri. Wanawe wanalala kwa mama wa jirani, ambaye hataki hela, anapelekewa unga wa muhogo mwisho wa mwezi. Jina la huyo jirani haliko kwenye karatasi yoyote.

Simu inaita wakuu, narudi kazini.